Aliyehamishwa na maji naye aandikwe

Tukisikia habari za mabadiliko ya tabianchi na watu kuhama, mara nyingi tunatajiwa visiwa vya mbali. Tuvalu, nchi ya visiwa 9 katika bahari ya Pasifiki, ina watu karibu 11,000, na ardhi yake yote iko chini ya mita 5 juu ya bahari. Novemba 2023 ilitia sahihi mapatano na Australia: kila mwaka watu hadi 280 wapokelewe huko, na Tuvalu iendelee kutambuliwa kuwa nchi hata bahari ikipanda.

Sisi wa Kirotshe hatuna bahari. Mbele yetu kuna Ziwa Kivu, nyuma milima mikali, na hatari yetu hushuka kutoka juu. Tarehe 4 Mei 2023, kusini mwetu kando ya ziwa hilo hilo, mvua ilifurisha mito ya Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Huko na Bushushu, matope na mawe viliua watu zaidi ya 400. Wengi waliopona walibaki bila nyumba wala shamba.

Je, ni tabianchi? Wanasayansi waliochunguza walisema hawawezi kupima sehemu yake, kwa kuwa takwimu za mvua za eneo letu ni chache mno. Lakini inajulikana kwamba hewa yenye joto zaidi hubeba maji mengi zaidi, na mlima uliokatwa miti haushiki udongo.

Mkataba wa wakimbizi wa 1951 haumtaji anayekimbia mafuriko. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa 2009, unamtaja: aliyehamishwa na maafa ndani ya nchi yake anapaswa kulindwa, sawa na aliyehamishwa na vita. Kwetu vita hufunika yote, na wa mafuriko husahauliwa upesi. Naye ana shida yake: matope hufuta mipaka, na akirudi hana cha kuonyesha.

Hapo makanisa yetu yana kazi. Tunapompokea mhamishwa, tuandike jina lake, kijiji chake, kilichomtoa, na shamba lake lilipakana na nani. Majirani washuhudie, nakala apewe shefu wa kijiji. Elimeleki na Naomi walihamishwa na njaa, si kwa upanga. Naomi aliporudi Bethlehemu, neno la shamba lilikatwa langoni, mbele ya wazee kumi. Mashahidi walikuwapo.