Taa Nyekundu ya Breki kwenye Pikapu Kuukuu

Katika komini ya Dilala, mjini Kolwezi nchini Kongo, Toyota Hilux za miaka ya 1990 bado ziko kazini: asubuhi zinabeba saruji, mchana makaa, jioni watu. Zimeshapita mikononi mwa wenyewe wengi, na baadhi yake zina taa nyekundu kwenye dashibodi, yenye alama ya mshangao ndani ya duara au neno BRAKE, ambayo haijazimika tangu mwenye gari wa sasa aichukue. Wapo wanaoiziba kwa plasta isiwachome macho usiku. Wapo wanaochomoa balbu kabisa. Kwenye barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi, kilomita kama 300 za kupishana na malori ya shaba na matangi ya asidi ya salfa, kufanya hivyo ni kuhatarisha roho za watu, na hakuna jina jingine.

Inasikitisha zaidi kwa sababu hitilafu yenyewe mara nyingi hugunduliwa uani, kwa tochi, kitambaa safi na subira. Pikapu hizi nyingi hazina kompyuta ya breki. Taa ni moja, ila swichi zinazoiwasha ni zaidi ya moja: ipo ya breki ya mkono, ipo ya kopo la mafuta ya breki, na kwenye baadhi ya magari ya dizeli ipo ya pampu ya kuvuta hewa. Swichi yoyote kati ya hizo ikifunga, taa inawaka. Dawa ni kuzikagua moja baada ya nyingine, kuanzia ile isiyo na gharama.

Kabla ya hapo, pedali ijaribiwe gari likiwa limesimama mahali tambarare. Dereva akanyage kwa nguvu na kushikilia kwa nusu dakika. Pedali ikizama taratibu kuelekea sakafuni, au ikiwa laini kama sponji, uchunguzi wa taa uahirishwe na gari lisiingie barabarani. Hapo breki zenyewe ndizo mgonjwa.

Pedali ikiwa ngumu na imetulia, breki ya mkono ndiyo ya kwanza. Kwenye Hilux nyingi za zamani breki hiyo si mtaimbo wa katikati ya viti, bali ni mpini wa kuvuta chini ya dashibodi, na swichi yake ni kijiti kidogo kinachobonyezwa mpini unaporudi mahali pake. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu la Kolwezi huingia kila upenyo, likachanganyika na grisi ya zamani na kuufanya mpini ukwame nusu sentimita kabla ya mwisho. Macho hayaioni nusu sentimita hiyo, lakini swichi inaiona. Dereva ausukume mpini kwa kidole gumba huku akitazama taa. Ikizimika, chanzo kimepatikana: kijiti kisafishwe, na kebo ikaguliwe isije ikawa inaburuza breki za nyuma. Isipozimika, waya wa swichi hiyo uchomolewe. Taa ikizimika sasa, swichi ndiyo mbovu. Ikiendelea kuwaka, breki ya mkono haihusiki.

Kisha kopo la mafuta ya breki, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Kopo hilo hukaa juu ya silinda kuu, ndani ya boneti upande wa dereva, na lina mistari miwili, MAX na MIN. Ndani yake huelea boya lenye sumaku. Mafuta yakishuka sana, sumaku inafunga swichi na taa inawaka. Dalili yake inajulikana: taa huwaka kwenye kona au gari linapopanda kilima, kisha inazimika barabara ikinyooka, kwa kuwa mafuta machache yamekimbilia upande mmoja wa kopo.

Mwenye gari akiona hivyo hununua chupa ya mafuta, anajaza, taa inazimika, anaondoka akishukuru. Lakini breki ni mfumo uliofungwa. Mafuta yake hayaungui kama ya injini, kwa hiyo yakipungua yamekwenda mahali, na mahali penyewe ni pawili tu. Huenda pedi, au plakete kama mafundi wa huko wanavyoziita, zimeisha: kadiri pedi inavyolika, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta huifuata nyuma yake, kiasi kwamba kopo linashuka bila tone moja kumwagika. Au kuna mvujo. Katika hali ya kwanza taa inasema pedi zinakaribia kuisha, na aliyejaza mafuta amezima onyo bila kuitikia. Siku pedi mpya zitakapofungwa na pistoni kurudishwa ndani, mafuta ya ziada yatafurika na kula rangi ya gari, maana mafuta ya breki hubabua rangi upesi. Yakimwagika, yaoshwe hapo hapo kwa maji.

Mvujo ndio wa kuogopwa. Gari liinuliwe kwa jeki na liegemezwe juu ya stendi imara, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Kazi isifanywe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Upande wa ndani wa matairi ya nyuma utazamwe kwa tochi. Ngoma ya breki yenye silinda inayovuja huacha mstari mweusi wenye unyevu, na vumbi la huko hung'ang'ania hapo hata pakaonekana kama tope wakati wa kiangazi. Mipira inayokwenda magurudumu ya mbele ikunjwe kidogo kwa mkono kutafuta nyufa. Penye mvujo, kazi ni ya fundi.

Kuhusu kuongeza mafuta: kifuniko na shingo ya kopo vifutwe kabla ya kufunguliwa, kwani chembe za mchanga zikiingia zitakwaruza silinda kuu. Daraja lililoandikwa kwenye kifuniko lifuatwe, na kwa Toyota hizi kwa kawaida ni DOT 3. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Yakiwa mapya, kiwango cha DOT 3 kinataka yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dukani msimu mzima wa mvua haifai, hata ikiuzwa nusu bei. Mafuta ya injini au ya usukani yasitiwe humo hata tone. Yanavimbisha mipira ya ndani, na mfumo mzima utalazimika kufunguliwa.

Kama kopo limejaa na taa bado inawaka, plagi ya waya kwenye kopo ichomolewe. Taa ikizimika, boya limezama au swichi imeharibika.

Zinabaki pikapu za dizeli. Injini ya dizeli ya zamani haitengenezi mvuto wa hewa kama ya petroli, kwa hiyo busta ya breki inayoongeza nguvu ya mguu, au servo kwa mafundi wa Kongo, hutegemea pampu yake. Kwenye injini za Toyota 2L na 3L pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta, inazunguka kwa mhimili huo huo na kulainishwa na oili ya injini. Hivyo mkanda ukikatika, chaji na nguvu ya breki hupotea pamoja. Taa ya betri na ya breki zikiwaka kwa wakati mmoja kwenye Toyota za zamani, alteneta ndiyo ya kushukiwa kwanza, hata kama mkanda ni mzima.

Busta hujaribiwa hivi: injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikiliwe, kisha injini iwashwe. Ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, pampu, mpira wa hewa au busta ina kasoro. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Busta husukumwa na hewa hiyo, kwa hiyo hata iliyo nzima ina uwezo mdogo zaidi huko, na pampu iliyochoka hujulikana haraka gari likiwa na mzigo.

Swichi zote zikichomolewa na taa bado inawaka, alteneta ikiwa nzima, kuna waya uliochubuka na kugusa chuma. Mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la bodi.

Kazi ikiisha, taa yenyewe ijaribiwe. Swichi ya gari ikiwashwa na breki ya mkono ikivutwa, iwake. Ikiachiwa, injini ikinguruma, izimike. Halafu kifuniko kifunguliwe na boya lishushwe polepole kwa kijiti safi hadi chini. Isipowaka hapo, boya, swichi yake au waya bado ni wa kutengenezwa, hata kama dashibodi inaonekana safi.