Selimundu: Kundi la WhatsApp hukupa moyo, dozi muulize daktari

NI saa nane usiku. Maumivu yameshika mifupa, nyumbani wote wamelala, na kutoka Mbaraki hadi Hospitali Kuu ya Pwani ni lazima tuktuk ipatikane. Kwa kijana anayeishi na selimundu, wa kwanza kuitika huenda akawa mwenzake wa kundi la WhatsApp: “Pole ndugu yangu. Maji umekunywa? Wasikia homa? Kama ipo, usingoje kuche.”

Swali la homa si la kujaza gumzo. Selimundu huharibu wengu, kiungo kinachosaidia mwili kupambana na viini, kwa hivyo homa ni dharura. Mgonjwa mwenzako anayajua haya kwa kuyapitia.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mwenye jeni moja hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imedumu Pwani yenye mbu. Anayerithi mbili, ya baba na ya mama, ndiye huugua. Si uchawi wala laana, na kundini utapata wa kukwambia hivyo bila kukucheka. Utaelezwa pia duka gani lina dawa, bei yake, na namna ya kuzungumza na mwalimu au bosi ukikosa kufika.

Balaa huanza mtu akisema: “Mimi nameza viwili, jaribu.”

Haidroksiyurea husaidia kweli. Katika utafiti uliochapishwa 2019, watoto 606 wa Kilifi, Uganda, Angola na Kongo waliitumia, na maumivu, malaria na vifo vikapungua. Lakini dozi yao ilipimwa kwa uzani na damu zao zikachunguzwa mara kwa mara. Ikizidi, dawa hiyo hushusha chembe za damu. Vidonge vya mtu mzima vyaweza kumdhuru mdogo wako.

Kisha kuna siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatambua habari za afya kuwa nyeti, lakini picha ya majibu ya maabara ikishasambazwa, hairudi. Funika jina kabla ya kutuma.

Vijana, mkijiunga, ulizeni kama kuna muuguzi au tabibu humo. Anayeuza “tiba ya wiki moja” mkimbieni. Na ushauri wowote wa dawa, uandike, uende nao kliniki.