Ushanga na Mahali Ulipolala: Kutoka Misri hadi Rufiji na Kunduchi

Mapambo ya rangi ya buluu-kijani ya Misri ya kale yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya Cairo na London huitwa na wataalamu faiensi, na ingawa hudhaniwa kuwa ya udongo, yalitengenezwa kwa kwatzi, yaani jiwe gumu jeupe lililosagwa likawa unga, kisha likachanganywa na chokaa kidogo, magadi na shaba iliyoleta rangi. Pambo lilipokuwa likikauka, chumvi za magadi zilijitokeza zenyewe juu yake, na tanuruni ziliyeyuka zikawa utando wa kioo. Wamisri waliiita tjehenet, maana yake kinachong'aa, wakawazika wafu wao nayo kwa kuwa rangi hiyo, mfano wa feruzi, kwao ilikuwa alama ya uhai mpya.

Pwani ya Tanzania nayo ina shanga za kioo, ambazo ni ndugu wa faiensi kwa ufundi. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri, unataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Rhapta, bandari ya Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki) ambayo mahali pake bado panabishaniwa. Mwaka 1999, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga zilizochimbwa eneo la Rufiji, kusini mwa Temeke kwa njia ya Barabara ya Kilwa, akazihusisha na biashara ya enzi za Dola ya Rumi. Uzito wa hoja hiyo haukutokana na uzuri wa shanga, bali na tabaka la udongo zilimokutwa, wakati mapambo mengi ya faiensi yalinunuliwa kwa wachuuzi na hayajulikani yalitoka kaburi gani.

Umuhimu huo wa mahali kitu kilipokutwa unaonekana pia Kunduchi, katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ambako yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Chombo kikibanduliwa, hubaki shimo tupu na historia iliyokatika. Atakayeona ushanga au kigae mahali hapo, au popote anapochimba msingi wa nyumba, asiuokote kuutia mfukoni, bali auache ulipo na kutoa taarifa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.