Sura ya Sita: Mikono Mikavu Penye Maji Mengi

Kama mikono ingekauka kwa kukosa maji, Kyela isingekuwa na mkono hata mmoja uliopasuka. Wilaya hii ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inaishushia maji kutoka milimani, na masika yakikolea mashamba ya mpunga hugeuka mabwawa. Hata hivyo, mpe mkono mkulima wa Ipinda au mama anayeanika usipa Matema. Utahisi magaga, na kwenye maungio ya vidole utaona mipasuko, mingine imefika kwenye damu. Watu hao ndio wanaoambiwa, tena na waliosoma, kwamba wanywe maji mengi zaidi.

Ushauri huo tuumalize mapema. Mwenye kiu na anywe. Lakini kwa mtu mwenye afya ambaye hana kiu, glasi ya ziada huishia chooni. Haifiki kwenye tabaka la juu la kiganja, kwa sababu tabaka hilo limekufa na halina mshipa hata mmoja wa damu wa kulipelekea chochote. Kinacholiharibu kinatoka nje, na dawa yake nayo hupakwa kutoka nje.

Nimeipanga sura hii katika sehemu tatu: kwanza ngozi yenyewe, kisha dawa za uongo, mwisho dawa za kweli.

Ngozi ya kiganja

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kama matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashikamanisha. Ndani ya seli zenyewe mna kemikali ndogondogo zinazonasa maji na kuifanya ngozi ikunjike bila kuvunjika. Kiganjani tabaka hili ni nene mara nyingi kuliko la shavuni, na unene huo ndio unaowadanganya watu. Wanadhani ngozi nene ni ngozi imara, na kwamba mwenye sugu hahitaji kujitunza. Sugu huzuia mpini usikuchubue, lakini ikikauka haikunjiki, na isiyokunjika hupasuka kila unapokunja ngumi.

Jambo la pili halijulikani kabisa, nami nalirudia kila ninapopata nafasi: kiganja hakina tezi za mafuta. Uso unazo, kichwa kinazo, mgongo unazo. Kiganja na unyayo vina tezi za jasho tu. Uso ukioshwa kwa sabuni, baada ya saa chache umeanza kung'aa tena. Kiganja kikioshwa, mafuta yake hurudishwa polepole na seli mpya zinazopanda kutoka chini, na kabla hazijafika unakuwa umekwisha kunawa tena.

Sasa tazama maji yanavyofanya kazi yake. Mkono ukiloa, seli huvimba. Sabuni au tope likipita, hubeba mafuta ya katikati pamoja na zile kemikali zinazonasa maji. Mkono ukitoka majini, maji yaliyoingia huondoka, na kwa kuwa kizuizi kimebomoka, yanaondoka na mengine yaliyokuwamo tangu mwanzo. Seli husinyaa. Kinachopasua mkono, basi, ni kuloa na kukauka, kuloa na kukauka, siku nzima.

Taratibu za usalama kazini za Ujerumani zinahesabu kuwa mtu anafanya kazi ya majimaji ikiwa mikono yake inakaa kwenye maji saa 2 au zaidi kwa siku, au ananawa mara nyingi. Anayeng'oa magugu ya mpunga Kajunjumele, akiingia shambani saa kumi na mbili asubuhi, ametimiza kiwango hicho saa mbili, kabla hajanywa chai.

Kila kazi ya pwani hii huongeza lake. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao hupakiwa mitumbwini hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, hufinyanga kwa udongo laini unaonyonya mafuta na maji kwa pamoja. Tangu zamani watu walitumia udongo wa namna hiyo kuondoa mafuta kwenye sufu. Mkulima wa kakao hupasua maganda na kushika mbegu zenye ute. Ute huo ukivundikwa huwa kileo, kisha siki, na joto lake hukaribia nyuzi 50. Fundi uashi ana adui mkali kuliko wote, kwani saruji mbichi huunguza kama magadi makali, na mara nyingi ina kromiamu inayoweza kuleta mzio wa maisha.

Dawa za uongo

Ya kwanza ni mkojo. Nilikusudia kuupa sentensi mbili na kupita, lakini umebeba kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii, nacho ni kisa cha yurea.

Mkulima wa Kyela anaijua yurea ikiwa punje nyeupe ndani ya mfuko wa mbolea, yenye naitrojeni asilimia 46. Mwili nao unaijua. Ini huitengeneza, figo huitoa, na kiasi kidogo hubaki katika tabaka la juu la ngozi, kikiwa miongoni mwa zile kemikali zinazonasa maji. Mwaka 1828 mkemia wa Kijerumani Friedrich Wöhler aliipata maabara bila kutumia figo ya mtu wala ya mnyama. Wengi wakati huo waliamini kwamba vitu vya mwilini haviwezi kutengenezwa pasipo nguvu fulani ya uhai. Leo hutengenezwa kiwandani kwa shehena, na sehemu ndogo huishia kwenye krimu za mikono.

Mzee anayekojolea mikono yake iliyopasuka ana chembe ya hoja, basi. Mkojo una yurea, lakini ni takriban asilimia 2 tu. Krimu nzuri ya mikono ina asilimia 10, yaani mara tano, tena imechanganywa na mafuta yanayoifanya ikae. Sehemu iliyobaki ya mkojo karibu yote ni maji na chumvi. Maji hayo hukauka na kukurudisha kwenye kuloa na kukauka kulekule, na chumvi hubaki ikichoma. Mkojo uliolala, ambao baadhi ya watu husema una nguvu zaidi, umegeuka amonia, na amonia hubomoa ngozi. Nguvu wanayoisikia ni ya kuungua.

Kuna kosa baya kuliko hilo, nalo hufanywa na aliyejua kusoma. Anaona neno yurea kwenye kopo la krimu, anaona bei, anakumbuka kwamba stoo ana nusu mfuko, kisha anachota kijiko na kukoroga na mafuta. Tafadhali, usifanye hivyo. Molekuli ni ileile lakini kipimo ni tofauti, na kwa yurea kipimo ndicho kinachoamua kazi. Kwenye asilimia 5 hadi 10 huvuta maji na kulainisha. Kuanzia asilimia 20 huanza kulegeza protini ya ngozi ngumu. Kwenye asilimia 40 hutumika hospitalini kulainisha kucha iliyooza kwa fangasi mpaka iondoke bila kisu. Mchanganyiko wako wa stoo uko kwenye kiwango gani? Hujui. Isitoshe, mbolea haikusafishwa kwa ajili ya mwili. Bakteria wa kwenye ngozi yenye unyevu nao wanaweza kuigeuza amonia, ilhali ngozi yenye afya ina uchachu kidogo na inataka kubaki hivyo. Kwa sababu hiyohiyo usitawanye yurea shambani kwa mkono mtupu wenye mipasuko. Tumia glavu, au kopo.

Na hata krimu halali ya yurea usiipake kwenye mpasuko unaotoa damu, maana itawasha kama pilipili. Funga mpasuko kwanza kwa mafuta ya mgando, siku chache, ndipo uipake.

Nimeenda mbali na mpango wangu, kwa hiyo dawa nyingine za uongo nitazipitia mbio. Limau lina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, huinua malengelenge na kuacha madoa meusi kwa miezi. Mafuta ya taa na petroli huondoa grisi, na huondoa pia mafuta yako mwenyewe. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Gundi kali ya dukani inaziba mpasuko pamoja na uchafu uliomo. Hospitali zina gundi ya jamii hiyo, lakini iliundwa kwa ajili ya mwili na hutiwa kwenye jeraha lililosafishwa.

Krimu zinazouzwa kinyemela, zile za "inatibu kila kitu", mara nyingi huwa na steroidi kali. Wiki ya kwanza mkono hupona hadi ukashangaa. Baadaye ngozi huwa nyembamba na hupasuka kwa kuguswa, na kama chini yake kulikuwa na fangasi, wamelishwa na kusambaa. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa mtabibu anayejua lini aiache. Muuza mkoba wa sokoni hajui.

Kisha wako wanaosema mikono imerogwa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika juu ya imani kwamba pumzi ya majirani waliochukizwa huweza kumletea mkosaji maradhi. Sina ugomvi na majirani kuonyana. Nina ugomvi na mganga anayechukua kuku kwa ajili ya mipasuko. Itazame ilipo: kwenye kidole gumba na cha shahada cha mkono unaoshika jembe, huzidi wakati wa palizi, hupungua mavuno yakiisha. Uchawi unaofuata ratiba ya kilimo ni kilimo.

Dawa za kweli

Watu huniuliza wapake nini. Swali la maana zaidi ni wapake saa ngapi.

Mafuta ya mgando, yaliyopewa hataza na Robert Chesebrough huko Marekani mwaka 1872, hayana maji, hayana vitamini, na hayapenyi "mpaka kwenye mfupa". Kazi yake ni moja: kufunika. Na hakuna kinachofunika vizuri kuliko hayo, kwani huzuia karibu maji yote yasitoke. Ukiyapaka kwenye mkono uliokwisha kukauka, umefunika ukavu. Ukiyapaka ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, mkono ukiwa bado una unyevunyevu, umeyafungia maji ndani. Kopo ni lilelile, lakini matokeo yanatofautiana kabisa.

Mawese hufanya kazi hiyo pia, ingawa hutia rangi na huchacha. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye joto la mwili na hupendeza sana, lakini haishindi mgando. Inauma kidogo kuona sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania ikitoka Kyela, kisha siagi yake ikirudi madukani ndani ya kikopo cha bei ya kuruka. Glisarini huvuta maji. Usiipake kavu wakati wa upepo, maana huyavuta kutoka chini ya ngozi. Ichanganye na maji kiasi sawa, paka, kisha funika kwa mgando.

Siku iende hivi. Kabla ya kuingia majini, paka mgando ili maji yasiingie kwa wingi. Ukitoka, suuza tope kwa maji matupu na tumia sabuni ya kuogea pale tu penye uchafu usiotoka. Futa kwa kugusagusa, paka hapohapo. Usiku paka kwa wingi, vaa soksi za pamba mikononi, lala. Sugu zisugue taratibu kwa jiwe zikiwa zimeloa, na wembe uuache kabisa. Kwa mipasuko mingi, wiki mbili za utaratibu huu zinatosha.

Zisipotosha, nenda kituo cha afya. Kiganja kimoja kikiwa kikavu na nyayo zote mbili zikimenyuka, shuku fangasi. Muwasho wenye vilengelenge kwa fundi saruji ni dalili ya mzio. Usaha na uvimbe havingoji kesho. Homa kali inayomjia mwenye mipasuko baada ya kushinda kwenye maji machafu, mtajie mtabibu kazi yako, kwa sababu bakteria wa mkojo wa panya huingilia milango hiyohiyo. Ndio walioleta homa ya mgunda Lindi mwaka 2022.

Dalili inayopuuzwa kuliko zote ni mpasuko mkubwa usiouma. Wagonjwa huufurahia na ndugu huwasifu kwa ugumu wao. Mkono usiosikia maumivu una neva zilizoharibika, na miongoni mwa sababu zake umo ukoma, ambao haujaisha Tanzania. Dawa zake hutolewa bure, matibabu huchukua miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza. Kumtuma mtu huyo nyumbani na kopo la mafuta ni kumpotezea vidole.