Je, Wajua? Siri ya Video za Dakika 8
Je, wajua kwamba matangazo ya biashara huchangia kuamua urefu wa video unazotazama YouTube? Mwaka 2012 kampuni hiyo iliacha kutegemea idadi ya waliobofya katika kupendekeza video, ikaanza kupima muda ambao watu hutazama. Mtazamaji akikaa zaidi, huonyeshwa matangazo zaidi. Awali, video ilipaswa kufikia dakika 10 ndipo matangazo yapachikwe katikati. Julai 2020 kiwango kikashushwa hadi dakika 8. Ndiyo maana somo la kupika chapati, ambalo lingeisha kwa dakika 3, hutanguliwa na salamu ndefu na soga. Kinachouzwa hapo ni muda wako. Waunge mkono wanaokufundisha bila kukuzungusha.