Saa 72 baada ya kulala bila kapoti: msichana afanye nini?

LUBUMBASHI – Kapoti imepasuka, ao vidonge vilisahauliwa, ao msichana amelazimishwa. Katika mitaa yetu, Katuba, Kenya ao Ruashi, shauri la kwanza mara nyingi linatoka kwa rafiki: kunywa maji ya chumvi, dawa ya minyoo, kinini nyingi. Hakuna hata moja inayozuia mimba. Kinini ikipita kipimo inaharibu masikio na macho, inasumbua moyo, inaweza hata kuua. Na saa zinaendelea kupita.

Kidonge cha haraka kinafanya nini?

Kinaitwa levonojestrel, miligramu 1,5, kinamezwa mara moja. Kinachelewesha yai lisitoke. Ndiyo maana leo ni bora kuliko kesho. Baada ya saa 72 nguvu yake inapunguka; mwisho ni siku 5. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, na hakifungi kizazi kama wengi wanavyosema.

Ukitapika mbele ya saa 2 kupita, unapashwa kumeza kingine. Kama unakunywa dawa za kifua kikuu ao za VIH, ambia munganga, kwa sababu zingine zinapunguza nguvu yake. Siku zako zikichelewa zaidi ya juma moja, pima mimba. Na ukilala tena bila kinga kesho yake, kidonge cha jana hakikulindi.

Na VIH je?

Kidonge hiki hakizuii VIH wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa VIH kuna dawa nyingine, za siku 28, zinazopashwa kuanza ndani ya saa 72. Aliyebakwa asingoje kwanza polisi ao mapatano ya familia: aende kwa munganga mara moja. Kama anaweza, asioge mbele ya kupimwa, na nguo alizovaa zichungwe. Kituo cha karibu kikikosa dawa, kimtume kwenye hospitali kubwa kama Sendwe.

Kisha?

Kidonge cha haraka si cha kila juma. Kuna vidonge vya kila siku, sindano ya miezi 3, na kijiti cha mkononi cha miaka 3 ao 5. Kapoti peke yake ndiyo inayokinga mimba na magonjwa pamoja. Sheria ya afya ya Desemba 2018 inakubali kwamba mtu mwenye umri wa kuzaa apate njia ya kuzuia mimba, akiisha kuelezwa vizuri na kukubali mwenyewe.

Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wasichana 27 kwa 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa ao wana mimba. Wengi wanaacha masomo hapo.

Wazazi, mtoto akija kusema, tusianze kugomba. Tumuulize kwanza: saa ngapi zimepita?