Mchochota wa Mishipa ya Damu Uliokomea Ngozini: Dalili Zake na Lugha ya Kuzieleza

1. Utangulizi

Katika hospitali na zahanati za Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, Kiswahili ndicho daraja baina ya mgonjwa na tabibu. Huko Bungoma wenyeji wengi husema Lubukusu, na katika miteremko ya Mlima Elgon husemwa Kisabaot. Kitale nao, mji uliokulia katikati ya mashamba ya mahindi, umewakusanya Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Tabibu, kwa upande wake, amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Hivyo dalili moja yaweza kuvuka mipaka miwili ya lugha kabla ya kuandikwa katika kadi ya mgonjwa. Makala haya yanakusudia kueleza dalili za ugonjwa mmoja ambao utambuzi wake hutegemea sana maelezo sahihi, na kuonyesha ni maneno gani ya Kiswahili yanayozibeba dalili hizo bila kuzipotosha.

2. Jina la ugonjwa

Neno "mchochota" limetokana na kitenzi "chochota", yaani kuwasha kwa maumivu. Katika istilahi za tiba hutumiwa kwa hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma. Neno hili lafaa, ila ni la vitabuni zaidi kuliko la sokoni.

Ugumu mkubwa umo katika neno "mshipa". Kwa Kiswahili, mshipa waweza kuwa njia ya damu, waweza kuwa neva, na tena waweza kuwa jina la ngiri. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana "ugonjwa wa mishipa" aweza kurudi nyumbani akidhani kuwa atapooza, au kwamba anahitaji kupasuliwa. Kwa sababu hiyo haifai kulifupisha jina: ni lazima isemwe "mishipa ya damu", na iongezwe "midogo, iliyo ngozini".

Uainishaji uliotokana na mkutano wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1994 uliyapanga magonjwa ya jamii hii kwa kufuata ukubwa wa mishipa inayodhuriwa. Marekebisho yake ya 2012 yalitenga kundi la michochota ya kiungo kimoja, na humo ndimo ulimowekwa ule unaokomea ngozini.

3. Jinsi dalili zinavyotokea

Chanzo mara nyingi ni dawa au maambukizo. Kingamwili hushikamana na kitu kigeni, na mishikamano hiyo hukwama katika kuta za vena ndogo mno za ngozi. Chembe nyeupe za damu huifuata, na katika kupambana nayo huharibu kuta zenyewe. Damu huvuja na kuingia katika nyama ya ngozi.

Maelezo hayo mafupi yanafafanua dalili tatu kuu. Kwanza, vidoa havififii vikibonyezwa, kwa kuwa damu imekwisha kutoka katika njia zake na haiwezi kusukumwa kando. Tabibu aweza kukandamiza bilauri ya kioo juu ya ngozi na kutazama: upele wa kawaida hufifia, damu iliyovilia hubaki. Pili, vidoa huinuka, hata kidole kikipitishwa juu yake huvihisi, kwa kuwa ukuta wa mshipa umevimba. Tatu, hutokea zaidi miguuni, chini ya magoti, ambako uzito wa damu ni mkubwa. Mchuuzi asimamaye kutwa sokoni Chwele aweza kuviona vikizidi jioni; mgonjwa aliyelala kitandani huviona matakoni na mgongoni.

Vidoa huanza kwa ukubwa wa kichwa cha pini na vyaweza kufikia sentimita kadhaa. Kwa kawaida hutokea kwa mkupuo, vikifanana umri. Baadhi ya wagonjwa hawahisi kitu. Wengine huwashwa au huungua. Ugonjwa ukiwa mkali, malengelenge yenye damu hutokea, kisha vidonda. Ikiwa dawa ndiyo chanzo, vidoa huonekana yapata siku 7 hadi 10 baada ya kuanza kuitumia. Penisilini, dawa za jamii ya salfa kama kotrimoksazoli, na dawa za kutuliza maumivu ni miongoni mwa zinazotajwa sana. Hata hivyo, katika wagonjwa wengi chanzo hakijulikani.

4. Tatizo la rangi

Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuitazama ngozi nyeupe, navyo husema vidoa ni vyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu hufichika: vidoa huonekana vya rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea, au vyeusi kabisa. Tabibu akiuliza, "Je, umeona wekundu?" mgonjwa atajibu kwa kweli kwamba hakuuona, na dalili itapotea.

Kiswahili kina vivumishi vya asili vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huelezwa kwa kuazima kitu, na tunda la zambarau ndilo linaloikaribia zaidi rangi ya damu iliyovilia. Swali lililo bora ni hili: "Je, kuna mahali ngozi imegeuka rangi na kuinuka?" Kwa njia hiyo kidole husaidia pale ambapo jicho hushindwa.

5. Mpaka wa ugonjwa

Kusema kwamba ugonjwa umekomea ngozini ni hukumu inayotolewa baada ya uchunguzi, si kabla. Mkojo hupimwa damu na protini, kwa kuwa mafigo yaweza kudhurika bila maumivu yoyote. Shinikizo la damu hupimwa. Mgonjwa huulizwa kuhusu tumbo kuuma, choo chenye damu, viungo kuvimba, kukohoa damu, na ganzi miguuni. Kipande cha ngozi hukatwa kutoka kidoa kipya, kilichotokea katika siku moja au mbili zilizotangulia.

Aidha, kuna magonjwa yanayofanana nao. Vidoa visivyofifia pamoja na homa kali na shingo kukakamaa vyaweza kuwa ishara ya homa ya uti wa mgongo, na hapo hakuna saa ya kupoteza. Mabaka ya zambarau yanayokua polepole kwa miezi yaweza kuwa saratani ya Kaposi. Upungufu wa chembe sahani za damu nao huleta vidoa, lakini hivyo huwa bapa.

6. Hitimisho

Mchochota uliokomea ngozini mara nyingi hupoa katika wiki chache, kwa kuacha dawa iliyouchochea, kupumzika na kuinua miguu. Alama nyeusi hubaki kwa muda. Wachache hurudiwa mara kwa mara. Mgonjwa hana budi kuelezwa kwamba alama hizo si ugonjwa unaoendelea, na kwamba hamwambukizi mtu.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Katika chumba cha tabibu, cheo hicho kinadai maneno manne yasikike wazi: vimeinuka, havififii, vilianza lini, na baada ya dawa gani. Mgonjwa anayeweza kuyajibu hayo kwa lugha anayoielewa amekwisha kumpa tabibu nusu ya utambuzi; nusu ya pili imo katika chupa ya mkojo.